Daftari Lisilo na Jeraha

Ubao ulikuwa langoni, umepigiliwa kwenye shina la mkaratusi, na maandishi yake ya rangi nyeupe yalisomeka hata kutoka barabarani: SIKU BILA AJALI. Chini yake, kwa chaki, palikuwa na namba 2. Lakini aliyefuta namba ya zamani alifuta kwa haraka, au kwa macho yaliyojaa machozi, kwa maana Barthélemy Namegabe alipokaribia aliiona bado ikichungulia nyuma ya hiyo mpya. Mia tatu na arobaini.

Aliziandika zote mbili katika kijitabu chake, kisha akapita langoni.

Kiwanda kile cha matofali na vigae kilikuwa bondeni, kando ya mto Kawa, mjini Bukavu. Juzi, Jumanne ya tarehe tano Novemba, mwaka wa hamsini na saba, mashine ya kukanda udongo ilimvuta kijana mmoja aitwaye Mosi alipokuwa akitoa mizizi mdomoni mwa mashine hiyo. Alikata roho kabla gari halijafika hospitali. Jioni ile polisi walimchukua Alphonse, mwendesha mashine, kwa kosa la kuiwasha hali mkono wa mwenzake umo ndani. Jumamosi saa mbili asubuhi angesimama mbele ya hakimu, na watu wa mahakama walitaja miaka mitano kwa wepesi, kana kwamba wanataja siku tano.

Barthélemy hakuwa polisi. Alikuwa karani wa Ukaguzi wa Kazi, mtu wa miaka arobaini na mitatu, mwenye miwani na mkoba wa ngozi, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma madaftari ya watu wengine. Mkubwa wake, Bwana Verhaegen, alimtuma jambo dogo: alete nakala ya daftari la ajali la mwaka mzima. Hakimu alitaka kujua kama mashine ile iliwahi kuumiza mtu. Daftari likiwa safi, mashine ni safi. Na mashine ikiwa safi, mwenye hatia ni yule aliyeiwasha.

Jana yake alikuwa amepita gerezani, ingawa hakutumwa huko. Alphonse alikuwa ameketi chini, magoti kifuani.

"Mimi sikugusa ule mupini ya mashine," alisema. "Ingine sina ya kusema, papa. Uliza batu ya udongo."

Kisha akafunga kinywa kama mtu aliyebana mali ya wenzake katikati ya meno.

Watu wa udongo walikuwa tisa, na sasa walibaki saba. Aliwakuta uani wakibeba udongo kwa mabeseni, na kapita wao, yaani msimamizi wa kundi, Amuri, akaja kumpokea. Amuri alikuwa mtu mrefu wa watu wa Kamanyola, mwenye kofia nyeupe ya kufuma. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa udongo hadi viwikoni, hivyo alifanya kama afanyavyo kila mtu mwenye mikono michafu: alikunja kiganja, akatoa kifundo cha mkono. Barthélemy alikishika. Wengine sita walikuja mmoja mmoja, na kila mmoja alitoa kifundo.

"Pole na musiba," Barthélemy alisema.

"Asante, papa. Njo kazi ya Mungu."

"Ya Mungu, ao ya mashine?"

Amuri aliangalia mto. "Karani iko kule mu ofisi," alisema. "Makaratasi yote ni yeye."

*

Camille, karani wa kiwanda, alikuwa kijana aliyesoma kwa Mabruda wa misheni, shati lake limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Juu ya meza yake ukutani ilining'inia barua iliyotiwa fremu na kioo. Barthélemy hakuhitaji kuisoma. Ilikuwa barua ya pongezi kutoka kwa Ukaguzi wa Kazi, kwa kiwanda kilichokaa miezi sita bila ajali hata moja; sahihi ilikuwa ya Bwana Verhaegen, na chini kabisa, kwa herufi ndogo za mashine ya kuandikia, palikuwa na B.N., yaani yeye mwenyewe aliyeichapa.

"Karibu, Papa Namegabe. Nilijua mutakuja. Daftari iko hapa."

"Ulijuaje?"

"Mutu akikufa ku kazi, daftari njo inaitwa kwanza, padiri nyuma."

Barthélemy aliketi, akafuta miwani, akafungua. Desemba: Néant. Januari: Néant. Februari: Néant. Neno moja kwa mwezi, kwa mwandiko mzuri ulioinama kidogo, kumaanisha hakuna lililotukia. Miezi kumi na moja ya neno hilo, na ghafla, tarehe tano Novemba, mistari kumi na minne juu ya kifo cha Mosi.

Alirudi nyuma. Aprili na Mei ziliandikwa kwa wino wa bluu. Nyingine zote zilikuwa nyeusi.

"Hii wino ni ya wapi?"

"Chupa yangu ilimwangika, papa. Nikaazima ya comptable, mutu wa hesabu, mupaka yangu ikafika."

Jibu lilikuja upesi, na jibu linalokuja upesi Barthélemy alikuwa na desturi ya kuligeuza aone chini yake. Karani anayeandika daftari la mwaka mzima kwa siku moja, baada ya mtu kufa, angeweza kubadili wino makusudi ili kurasa zionekane za zamani.

"Nipatie daftari ya mahudhurio."

Camille alisita, si sana, kiasi cha mtu kumeza mate. Kisha akalitoa kabatini. Barthélemy aliyaweka madaftari mawili bega kwa bega. Katika la mahudhurio, lililoandikwa kila asubuhi mbele ya macho ya watu sitini, wino wa bluu ulianza tarehe tatu Aprili na kwisha tarehe kumi Juni. Juu ya ubao wa meza doa jeusi lilikuwa limekaa kama ramani ya ziwa. Kijana alikuwa amesema kweli. Daftari la ajali halikughushiwa. Liliandikwa mwezi kwa mwezi, kwa wakati wake.

Barthélemy angeweza kulifunga pale, akanakili, akaenda zake. Kazi ya saa mbili. Lakini macho ya mtu aliyezoea kusoma hayafungiki pamoja na kitabu. Katika lile la mahudhurio, safu ya watu wa udongo, alikuwa ameona herufi K.

"K njo nini?"

"Kilio, papa. Mutu akifiwa, kampuni inamupa ruhusa. Haiombi cheti."

"Haiombi cheti," Barthélemy alirudia, akaanza kuhesabu kwa ncha ya penseli. Watu wa tanuri, ishirini na wawili: walifiwa mara tatu kwa mwaka. Watu wa vigae, kumi na wanane: mara mbili. Watu wa udongo, tisa tu: mara kumi. Na mara saba kati ya hizo msiba uliwachukua siku nane, siku tisa, hata kumi na mbili. Pembeni mwa herufi hizo saba palikuwa na vijidoa vidogo, kama vya nzi. Alivipuliza, akaendelea.

"Hii timu imefiwa sana."

"Mwaka mubaya, papa."

"Mubaya kwa batu ya udongo peke." Kidole chake kilisimama penye jina la Amuri. Machi, K, siku tisa; aliyefariki: mama. Septemba, K, siku nane; aliyefariki: mama. "Camille, Papa Amuri alizaliwaka na bamama bangapi?"

Kijana alicheka, lakini sauti ilikauka njiani. "Eh, papa. Wewe mwenyewe unajua. Kwetu mama mudogo pia ni mama."

Ilikuwa kweli, na kwa ukweli huo hapakuwa na pa kumshika. Barthélemy aliandika: Amuri, mama, mara mbili. Akafunga kijitabu.

*

Mashine ya kukanda udongo ilisimama chini ya banda la mabati, imefungwa kwa uzi na lakiri ya polisi. Wafanyakazi waliiita Fisi. Ilikuwa na mdomo mpana juu, na ndani yake visu vinane vilivyozunguka. Pembeni kulikuwa na mpini wa mti: ukiuvuta, mkanda wa injini ulihamia kwenye gurudumu la kazi na visu vikazunguka; ukiusukuma, mkanda ulirudi kwenye gurudumu tupu na visu vikatulia, injini ikiendelea kunguruma.

Barthélemy alionyesha barua ya ruhusa aliyopewa na Bwana Verhaegen, akakata lakiri, akaomba injini iwashwe.

"Sukuma mupini. Sawa vile Alphonse alifanya kabla ya Mosi kutia mukono."

Amuri aliusukuma. Visu vilisimama. Barthélemy alichukua shina la mgomba kutoka kando ya banda, akalilaza mdomoni mwa mashine, akarudi nyuma, akatoa saa yake ya mfukoni.

"Hakuna mutu agusage kintu."

Walisimama. Ardhi ilitetemeka taratibu chini ya viatu. Dakika moja. Mbili. Mmoja wa wafanyakazi alianza kuomba kwa sauti ndogo, na wa pili akamwambia anyamaze. Dakika ya nne ilipokuwa karibu kutimia, mpini ulitikisika kama mtu aliyeguswa usingizini, ukaruka peke yake. Visu vilizunguka. Shina la mgomba liliingia lote, na maji yake yakawarukia watu usoni.

"Zima!"

Barthélemy alipiga goti penye nguzo ya mpini. Kwenye mti wa nguzo, usawa wa kiuno, kulikuwa na mfereji uliozunguka, laini, wenye kina cha nusu kidole. Na ndani yake nyuzi chache za kamba ya mgomba, zimeoza kwa mvua.

"Hapa munafungaka nini, kapita?"

"Ndoo, papa."

"Ndoo ya namna gani inafungwa mu nguzo mupaka mti unakatika?"

Barthélemy aliinuka, akajipangusa goti. Alikuwa na mashine inayojiwasha, lakini hilo halikumtosha Alphonse. Wakili wa serikali angesema mpini uliharibika Jumanne ile ile, wakati visu vilipomnasa Mosi. Nguzo iliyochimbika ilisema hadithi ndefu, ila mahakama haimwapishi nguzo. Alihitaji watu.

Mikono ya watu hao saba ilikuwa nyuma ya migongo yao.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa mtaa wa Kadutu, juu kabisa, mahali ambapo njia inakuwa ngazi za udongo. Barthélemy alifika alasiri, mvua ikinyesha. Mosi alizikwa Jumatano, na watu walikuwa bado wameketi chini, wanaume ukumbini, wanawake chumbani. Paa lilikuwa la mapipa yaliyonyooshwa na kukandamizwa kwa mawe. Katikati ya waombolezaji palikuwa na beseni, na maji yalidondoka humo kutoka juu, tone kwa tone. Watu waliokuwa wakitengeneza vigae elfu moja kwa siku walikuwa wamekaa chini ya bati linalovuja.

Alivua kofia, akatoa pole. Chakula kilikuwa kimekwisha kuliwa. Msichana alikuwa akipita na birika, wanaume wakinawa. Watu wa udongo walikuwapo wote saba, wamevaa safi. Barthélemy aliwasalimu kwa zamu. Wa kwanza alitoa kifundo cha mkono. Wa pili pia. Wa tatu maji yalikuwa bado yanachuruzika kutoka kwenye vidole vyake, mikono myeupe kwa sabuni, naye akakunja kiganja, akatoa kifundo.

Barthélemy alikishika, akakaa nacho kidogo kuliko ilivyo desturi.

Wakati huo Amuri alikuwa akimpelekea chai mwanamke mmoja mzee aliyeketi mlangoni mwa chumba. Mwanamke alikitazama kikombe bila kukipokea.

"Na kushoto tena!" alisema. "Tangu jana ananipa chai na mukono ya kushoto, sawa mutu hakufundishwaka. Mimi nilimuzaa, mimi nilimufundisha, sasa Bukavu imemufunza nini?"

Wanawake waliguna. Barthélemy alisogea, akachuchumaa mbele yake kwa heshima.

"Shikamoo, maman. Wewe njo mama yake Papa Amuri?"

"Marahaba. Mimi njo Nyota wa Kamanyola. Nilipanda na camion jana, juu ya kilio ya huyu Mosi. Mama yake ni binamu yangu."

"Na bandugu yako wanawake, maman? Bamama badogo ya Amuri?"

"Bandugu gani? Baba yangu alizaa mimi moja, akachoka. Kwetu mimi njo mukubwa na mimi njo mudogo."

Barthélemy alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na maji.

"Maman, unisamehe. Kitabu ya kazi inasema ulikufa mwezi wa tatu."

Bibi Nyota alimtazama. "Mimi?"

"Na mwezi wa tisa ukakufa tena."

"Mara mbili!" Sauti yake ilipanda hadi kwenye mapipa ya paa. "Mara mbili nazikwa, na hata sahani ya wali ya kilio hawakuniletea?"

Mtu mmoja alicheka kwa kushtuka, kisha hakuna aliyecheka. Ajuza alikuwa amegeuza uso wake kwa mwanawe, na uso ule haukuwa na mzaha.

"Amuri. Kuja hapa."

Kapita, mtu wa kuamuru watu wanane, alikuja akapiga magoti.

"Ni nani alisema mama yako amekufa?"

"Ni mimi, mama."

"Unamuita kifo ya mama yako na mudomo yako, na mimi nikiwa napika kule Kamanyola? Nilikukosea nini?"

"Hapana kosa, mama."

"Nipatie mukono. Ya kuume."

Amuri hakutoa. Mama akanyoosha mkono wake mwenyewe, akaushika wa mwanawe uliofichwa katika mkunjo wa kanzu, akaufungua kama mtu anavyofungua kiganja cha mtoto aliyeokota kitu. Kidole gumba kilikuwapo. Cha shahada kilikuwapo, na cha mwisho. Viwili vya kati vilikatika penye kiungo cha pili, na ngozi yake ilikuwa bado nyekundu.

Mama hakupiga kelele. Alivipapasa viwili hivyo, kimoja kimoja.

"Cha kwanza njo mwezi wa tatu," Amuri alisema, akitazama chini. "Cha pili mwezi wa tisa. Fisi."

Barthélemy hakuandika bado. "Na bengine?"

Hapo mtu wa pili alifungua kiganja chake, na wa tatu. Ukucha uliong'oka usirudi. Mshono mrefu kutoka kwenye kidole hadi kifundo. Amuri alieleza bila kuulizwa zaidi, kama mtu anayetua mzigo. Kampuni ilikuwa imetoa ahadi: mwezi usioandikwa ajali, timu inapata makayabu, wale samaki wa chumvi, na sabuni; mwaka ukitimia, kila mtu vigae mia nne vya kuezekea nyumba yake. Mtu wa kwanza alipoumia, Januari, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba asiandikwe. Asingekubali wenzake wakose samaki kwa ajili ya kidole chake. Mganga mmoja mstaafu wa Kadutu alikubali kuwafunga majeraha kwa siri. Ilibaki sababu ya kutokuwa kazini, na wakapata moja isiyodaiwa cheti.

"Mupini ulianza kuruka mwezi wa kwanza," alisema. "Alphonse akawa anaufunga na kamba kila asubuhi. Siku nne hizi mvua ilinyesha, kamba ikaoza. Alifunga, papa. Alifunga muzuri. Ilikatika."

"Na hakusema."

"Angesema, tungefukuzwa bote. Siku makumi mbili na tano zilibakia."

Kutoka chumbani, kutoka kwenye mkeka, mama yake Mosi alisema kwa mara ya kwanza tangu Barthélemy aingie. Hakupaza sauti.

"Kumbe mulijua ile mashine inakula batu. Mukanyamaza, na mukamuweka mutoto yangu pale."

Aliinuka, akaenda hadi katikati, akachukua beseni lililojaa, akaweka lingine tupu mahali pake.

*

Ijumaa, Barthélemy alifika kiwandani kabla ya king'ora cha saa kumi na mbili. Camille alikuwa mezani. Daftari la mahudhurio lilikuwa mbele yake, limefunguliwa tayari.

"Nukta," Barthélemy alisema.

Kijana hakujifanya haelewi. "Kilio ya kweli, niliandika K. Kilio ya Fisi, niliandika K na nukta." Alipitisha kidole juu ya vile vijidoa ambavyo Barthélemy alividhania vya nzi. "Banaume bakubwa balinipigia magoti, papa. Nilikuwa nakataa namna gani? Lakini sikuweza kuandika bongo, uongo mutupu. Nikasema, siku moja mutu wa Ukaguzi atakuja, ataona, ataniuliza."

"Nilikuja Machi. Nilikuja Juni. Nilikuja Septemba."

"Ndiyo, papa. Ulipiga muhuri."

Barthélemy aliitazama barua ya ukutani kwa muda, kisha akaelekeza macho dirishani. Ukutani mwa banda la vigae palikuwa na marundo tisa yaliyopangwa vizuri, kila rundo limeandikwa jina kwa chaki. La Mosi lilikuwa la tatu.

"Nitafukuzwa," Camille alisema.

"Inawezekana. Siwezi kukudanganya. Lakini hii daftari na nukta zake, bila mutu wa kusema 'ni mimi', ni daftari yenye nzi. Chukua kalamu, ukuje."

Waliweka meza ndogo uani, mbele ya Fisi. Camille alifungua ukurasa mpya wa daftari la ajali, akaandika juu: Taarifa zilizochelewa. Barthélemy alisimama kando yake na saa mkononi. King'ora kililia. Watu wa tanuri walipita wakienda kazini, wakatazama, wakapita. Watu wa udongo walikuja pamoja, wakasimama penye marundo yao, mbali na meza. Dakika zilikwenda. Mmoja aliweka kiganja juu ya vigae vyake kama juu ya mgongo wa mnyama anayeuzwa kesho.

Camille alitumbukiza kalamu. Wino ukakauka. Akatumbukiza tena.

Kisha Amuri alivuka ua. Alikuwa bado hajagusa udongo. Alifika mezani, akanyoosha mkono wa kulia, kiganja kimefunguliwa, na Barthélemy aliupokea wote kama ulivyokuwa, vidole vitatu na vipande viwili.

"Andika," Amuri alimwambia karani. "Amuri, kapita. Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu. Na uandike mama yangu iko muzima."

Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, wengine walikuwa wakipanga mstari.

Walimaliza saa mbili na robo. Mistari saba ya majeraha, alama za vidole gumba kwa wino chini yake. Barthélemy aliisoma kwa sauti, mtu na jeraha lake, akauliza kila mmoja kama ndivyo, na kila mmoja akajibu ndivyo. Camille alipotaka kufunga, alimzuia.

"Leta ile barua ya ukuta."

"Ya nini, papa?"

"Nayo ni ushahidi. Iko na jina yangu."

Aliitia mkobani pamoja na fremu yake, kati ya madaftari mawili, akaanza kupanda kilima.

*

Bwana Verhaegen alisoma kwa muda mrefu. Alipofika kwenye barua, alikaa akiitazama sahihi yake chini ya kioo, kisha akanyanyua simu, akaomba ofisi ya mwendesha mashtaka. Kufikia saa tisa ilikuwa imekubaliwa kwa maandishi: kesi isisomwe Jumamosi, fundi wa serikali aikague mashine kwanza, na mshtakiwa arudi kwake asubuhi hadi atakapoitwa tena.

Barthélemy aliipeleka karatasi hiyo gerezani yeye mwenyewe. Alphonse alikuja hadi penye vyuma, akasikiliza hadi mwisho, lakini hakuonyesha furaha.

"Nani alisema?"

"Bote saba. Camille na yeye."

"Vigae?"

"Vinarudishwa mu stoku ya kampuni. Niliona banavibeba."

Alphonse alitikisa kichwa. Aliangalia chini, kisha akauliza lile alilokuwa akiliogopa.

"Na Amuri? Alisema nini juu yangu?"

"Alisema ulifunga muzuri, kamba njo ilikatika. Kiisha akanipa mukono."

"Mukono?"

"Mukono," Barthélemy alisema. "Kifundo hapana."

Alphonse akapitisha wake katikati ya vyuma, kiganja kimefunguliwa.